Kamati Tatu za Kontena

Mwaka 1997, soko likiwa huria na mlima ukiwa na ukungu, kijiwe chetu cha Morogoro kilikaa nyuma ya kituo cha afya, kwenye kivuli cha kontena jeupe. Wafadhili walilileta mapema, limejaa dripu na dawa, ili kipindupindu kikija kitukute tayari. Sasa kimefika Dakawa, hapa jirani, na kufuli la kontena bado linaning'inia. Mosi, muuza kahawa wetu, alimimina vikombe. Kibwana muuza mitumba, tuliyemwita Soko Huria, alimgeukia mwalimu Gabrieli, ambaye tulimwita Semina kwa kuwa hakuwahi kukosa hata moja.

SOKO HURIA: Semina, mbona halifunguliwi?

SEMINA: Kinga ni bora kuliko tiba. Ndiyo maana limefungwa.

MOSI: Heee! Mwalimu huyo!

SEMINA: Msaada wa tahadhari hautumiki ovyo. Lazima mlipuko utangazwe.

SOKO HURIA: Na akiugua mmoja?

SEMINA: Mmoja si mlipuko. Huyo ni mgonjwa tu.

MOSI: Kwa hiyo asubiri wenzake?

SOKO HURIA: Mie nasema humo hamna kitu. Wazungu wametuachia kontena, dawa wamebaki nazo.

MOSI: Zimo. Ila zinaogopa kutoka, zisije zikaambukizwa.

Tulicheka. Ndipo akaja Filomena, mkulima wa karoti kutoka mlimani, kanga imelowa hadi magotini.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, Mosi akaitikia. Karibu kahawa.

— Ahsanteni, sikai. Baba yangu yuko hapo kituoni, anaharisha tangu alfajiri. Tumemshusha kwa machela. Nesi anasema dripu zimeisha, zilizobaki zimo humu kontenani.

Semina aliweka kikombe chini, taratibu.

SEMINA: Pole sana, mama. Usihofu, jambo hili lina utaratibu. Nilikuwepo mwenyewe kwenye semina, siku tatu. Tuliunda kamati ya kulipokea. Tukaunda kamati ya kulilinda. Tukaunda na kamati ya kulitolea taarifa kwa wafadhili, kila mwezi.

FILOMENA: Na ya kulifungua?

Semina alizihesabu tena kamati zake kwa vidole. Soko Huria alimtazama Mosi, Mosi akalitazama birika.

— Mwalimu, nani analifungua? Filomena akauliza.

Filomena akapita katikati yetu, akaukaribia ule mlango wa chuma, akagonga mara tatu kama mtu aliyefika kwa jirani.

— Hodi, akasema.

Akatega sikio.