Kikombe Kilichofunikwa

Kwenye benchi la pembeni mwa gereji ya baiskeli, kesi hazimalizwi kwa maneno. Ukiamini mtu ana hatia, unakunywa kahawa yako na kukifunika kikombe, mdomo chini. Asubuhi hiyo mshtakiwa alikuwa mke wa Spana, mwenye gereji. Mtoto wao mchanga ni mlegevu kama kitambaa kilicholowa, hawezi kunyonya, na hospitali imesema tatizo liko kwenye urithi. Mama yake Spana anataka mkwe arudishwe kwao leo leo. Spana alikuwa ameshika kikombe chake tu. Kahawa ilishapoa.

— Mtoto alikaa tumboni mwa nani, mwako? — alianza Redio, kinyozi asiyejua kunyamaza. — Kosa la mama. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo!

— Hajalelewa bado, bwana — alisema Spana. — Kitovu kimekauka juzi.

— Ndiyo maana!

Redio akafunika.

Hakimu, fundi cherehani ambaye mahakama huiona kwa nje, akakohoa.

— Mimi nasema radi. Ilipiga mama akiwa mjamzito, ikaunguza waya za mtoto. Haba na haba hujaza kibaba.

Akafunika.

Spana akatikisa kichwa.

— Daktari hakusema hivyo. Tunarithi nakala mbili za maelekezo ya mwili, ya mama na ya baba. Mtoto akianza kuumbwa, alama nyingi za wazazi hufutwa. Chache hazifutiki. Hapo penye tatizo, nakala ya mama ina alama ya kunyamaza. Kwangu, kwako, kwa watu wote. Inayofanya kazi ni ya baba peke yake.

— Sasa ya baba iko wapi? — akauliza Redio.

Spana akatazama mikono yake yenye grisi.

— Imekatika. Ni bahati mbaya tu, hakuna aliyekosa. Lakini ni yangu.

— Na ya mama? — akauliza Hakimu.

— Ipo, nzima. Imefunikwa tu.

— Basi kosa ni la aliyefunika! — Redio akaruka.

— Hata mama yako alifunika! — Hakimu akamjibu.

— Mamangu usimtaje!

Wawili hao walikuwa wameshasimama, kifua kwa kifua, shemeji yake Spana alipofika akihema, bomba la kulishia mtoto mkononi.

— Shemeji, dada anafunga nguo, mama mkwe kamsimamia mlangoni. Maziwa yanapoa. Nani atamshika mtoto kichwa nimlishe?

Redio akamtazama Hakimu. Hakimu akatazama kikombe chake.

Spana akaweka chake benchini, wazi, kimejaa, akaanza kusugua grisi kwa sabuni ya unga mpaka vidole vikawa vyekundu.

— Twende. Na mama nitamwambia mwenyewe ni ya nani iliyokatika.

Walipopinda kona, Hakimu alikigeuza kikombe chake, mdomo juu. Cha Redio kilibaki vilevile.