Majalada Arobaini na Moja ya Dada Yetu

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, mnaombwa mkae, walio nyuma wasogee, kwa kuwa historia hii itasomwa mara moja tu, na anayeisoma ni mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa nyumba hii, ambaye hakuchaguliwa na kikao cha familia bali na marehemu mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa karani wa stoo na mshona nguo, na waliokuwepo walisimulia kwamba hakulia alipozaliwa, aliangaza macho tu, kama mtu aliyetumwa kuja kukagua.

Alianza darasa la kwanza Januari 1965 na kumaliza kidato cha nne Novemba 1975, walimu wakimjua kwa mambo mawili, mwandiko mzuri na ubishi. Hata hivyo, shule iliyomtengeneza hasa ilikuwa chumba cha shangazi yetu, mpiga chapa wa mahakamani na mpenzi mkubwa wa riwaya, aliyevivika vitabu vyake vyote karatasi ya kaki visichakae, rafu nzima ikawa na sura moja, na kila alipotaka kimoja alilazimika kufungua vinne. Alimwita marehemu, wakati huo ana miaka kumi, akamwambia, "Mwanangu, nichoree hapo juu kitu, nikijue." Akachora ua. Shangazi akaguna, "Humu hamna ua hata moja. Kasome kwanza." Alisoma wiki tatu, akarudi na viatu viwili vya kiume vilivyopeana migongo, shangazi akacheka mpaka akafuta machozi, maana hicho ndicho kilikuwa kitabu chenyewe. Tangu siku hiyo hakuwahi kuchora jalada la kitabu asichokifikisha ukurasa wa mwisho, na wahariri waliompigia kelele kwamba anachelewesha kazi aliwajibu kwamba mwandishi naye alichelewa.

Baada ya masomo ya uchoraji chuoni, mwaka 1977 hadi 1978, aliajiriwa tarehe 2 Aprili 1979 na shirika la vitabu, ghorofa ya pili, meza ya dirishani, akiwa na wembe, kopo la gundi na rula ya chuma, na herufi za majalada yake alizikata kwa mkono moja moja. Mwaka 1981 meza iliyomkabili ilipata mchoraji mwingine, binti wa rika lake, wakashibana mpaka wakawa wananunua kitambaa kimoja na kubadilishana viatu, na watu wakamwita yule mgeni Pacha, jina lililomganda. Mwaka 1984 marehemu alimwombea kazi mdogo wake anayewasomea, akamshika mkono asubuhi ya kwanza, akamshusha mwenyewe hadi chumba cha mashine na kumwambia fundi mkuu, "Huyu ni wangu, mtunze."

Tarehe 5 Desemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi saa, mtu mpole ambaye kwa utani wa marehemu alitengeneza saa za mji mzima na bado akachelewa harusini, na msimamizi wa bibi harusi alikuwa Pacha. Walijaliwa mabinti wawili, mwaka 1989 na 1992, na wa pili akapewa jina la Pacha, jina analolibeba mpaka leo bila kosa lake.

Mwaka 2004 alianza kutoona pembeni, akawa anagonga milango na kusingizia haraka, na daktari akamwambia ni presha ya macho. Kazini alimwambia mtu mmoja tu, Pacha. Haukupita mwezi meneja akawa anajua, na tarehe 30 Juni 2006 marehemu alistaafishwa, barua ikisema kwa hiari yake, naye Pacha akapanda kuwa mkuu wa idara. Kwa kuwa paa la nyumbani lilikuwa linavuja, marehemu aliacha kabati la michoro yake ya penseli chini ya ulinzi wa rafiki yake, na alipolifuatilia aliambiwa, "Iliingia maji, shoga, tukaitupa." Alimpa pole.

Ijumaa ya tarehe 18 Septemba 2009 shirika lilifanya maonyesho ya majalada yake bora ya kuanzia mwaka 1984, ya nyakati ambazo jina la mchoraji lilikuwa halichapwi kitabuni, hivyo mkuu wa idara ndiye aliyeandika nani alichora nini. Shemeji alimshika mke wake mkono, akawa anamsomea vibandiko ukutani, jalada la kwanza Pacha, la pili Pacha, la tatu akanyamaza, marehemu akamwambia, "Endelea." Walifika la arobaini na moja, yote Pacha. Alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo, akaiona penseli yake mwenyewe, ile michoro iliyoingia maji, mikavu. Akamgeukia Pacha mbele ya wageni, akauliza kwa upole, "Hiki kitabu kinahusu nini?" Pacha akacheka, "Jamani, mimi mchoraji, si msomaji," na wageni wakacheka naye.

Jumatatu yake marehemu alikwenda kwa mkurugenzi, akasema shahidi yupo, aliyepokea kila jalada kwa mikono yake chumba cha mashine, na mdogo wake akaitwa juu. Wakati huo mdogo wake alikuwa ameahidiwa ufundi mkuu. Aliulizwa nani alichora, akatazama viatu vyake, akajibu, "Ni siku nyingi, mkurugenzi, sikumbuki." Marehemu aligeuza kichwa polepole, mpaka alipompata katika kile kipande kidogo cha nuru alichobakiwa nacho, akamtazama, akasema, "Haya." Novemba mosi mdogo wake alipewa cheo. Tangu hapo marehemu alimwita Sikumbuki, mabinti wakalidaka, wajukuu nao, na ninyi mnaomwita Mjomba Sikumbuki mkidhani ni utani wa uzee, ndiko lilikotoka.

Mwaka 2015 nuru ilizimika yote, mwaka 2021 moyo ukaanza kutanuka, na tarehe 26 Aprili 2023 alilazwa. Mdogo wake alikwenda, akainama kitandani, akaomba msamaha kwa sauti ya chini. Marehemu akamwambia, "Usinong'one. Mimi najua nani alichora. Kawaambie wao." Akamuuliza, "Wao nani, dada?" Akajibu, "Watakaokuja kunizika." Alifariki Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi, akiacha mume, mabinti wawili na wajukuu watatu, na kama alimsamehe mdogo wake hakusema, na familia haitamsemea.

Kwa hiyo isikike mpaka nje. Majalada yote arobaini na moja aliyachora marehemu, na mdogo wake aliyapokea, lile la mwavuli uliopinduka ukajaa mvua, lile la kiti cha miguu mitatu chenye kivuli cha miguu minne, mengine gundi ikiwa bado mbichi. Aliyajua siku ile ya Jumatatu kama anavyoyajua leo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopokezana kumsomea vitabu miaka minane bila kuchoka, wafanyakazi wenzake wa zamani waliofika, na hata walionyamaza wakati ule, maana wamekubali kuja kusikia. Pacha naye yupo, safu ya tatu, na binti wa pili ndiye aliyempa kiti.

Pumzika sasa, dada. Kazi ilikuwa yako.