Mama Yustina na Wanawake Mia Mbili "Waliokataa"

Tarehe 30 Juni 1998, Bi. Yustina Kemilembe, Mratibu wa Chanjo, anakabidhi funguo za chumba cha friji baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi wa umma. Kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia hapa Tukuyu. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye karani wake wa takwimu, na meza zetu zimegusana kwa miaka mitatu.

Mama Yustina alizaliwa Kamachumu mwaka 1943, akasomea uuguzi, akaanza kazi Bukoba mwaka 1971. Uhamisho wa kuja Rungwe ulimkuta mwaka 1979. Alishuka Tukuyu mwezi wa Aprili, akauliza mvua hii itakatika lini. Alipojibiwa kwamba asubiri mpaka mwezi wa saba, alicheka akidhani wenyeji wanamtania. Kufika Juni alikuwa ameshanunua mabuti.

Kuhusu ndizi hajawahi kukubali kushindwa. Kwa miaka yote hiyo ameshikilia kwamba watu wa Rungwe wana ndizi nzuri kuliko za kwao Kamachumu ila hawajui kuzipika, na kila sherehe ya idara imekuwa na sufuria mbili, yake na ya wenyeji. Ya kwake huisha ya kwanza, jambo ambalo wenyeji wanasema ni heshima tu kwa mgeni.

Enzi za mafuta ya taa kupatikana kwa kibali, aliilinda lita moja ya kuwashia friji ya chanjo kama mboni ya jicho. Ruhusa ya biashara huria ilipotoka na maduka ya watu binafsi kujaa bidhaa, mafuta yakapatikana lakini ukazuka ugonjwa mwingine: soda. Bosi mmoja, simtaji, aliweka chupa mbili za soda kati ya chanjo za surua zipate ubaridi. Mama Yustina alizitoa, akazipanga juani kwenye ngazi za ofisi na karatasi yenye jina la mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuna aliyelifungua friji bila kumwomba.

Lakini mkimuuliza mtu yeyote wa Masoko kuhusu Mama Yustina, hatazungumzia friji. Atazungumzia mwaka 1995.

Mwaka huo serikali iliamua kila mwanamke mwenye umri wa kuzaa achanjwe pepopunda. Haikuwa anasa. Mwaka uliotangulia, katika kijiji kimoja tu cha kata ya Masoko, watoto wachanga saba walikakamaa na kufariki kabla hawajatimiza wiki mbili, kwa sababu ya wembe au kisu kilichokata kitovu. Mama Yustina alikuwa ameandika majina ya mama zao kwenye karatasi, akaibandika ndani ya mlango wa kabati lake.

Ili takwimu zisipendelee upande wowote, makarani tulichukuliwa kutoka nje ya kata. Mimi natoka Same, na nilikuwa na miezi miwili tu Rungwe nilipopangiwa kijiji hicho. Fomu ilitaka jina la mwanamke, umri wake, kisha jina la mwenye kaya. Wanawake walifika mezani, wakataja majina yao vizuri, wakataja umri. Nikiuliza jina la mwenye kaya, wanainamisha kichwa kimya. Nauliza tena, kimya. Nyuma yangu foleni inasukumana. Nikawaambia wakae pembeni, na kwenye safu ya mwisho nikaandika neno moja: amekataa. Kwa siku mbili niliandika neno hilo mara mia mbili na kumi na tatu, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Daftari lilipofika mjini, moto ukawaka. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, wa kwanza wa vyama vingi kwa wengi wetu, na uvumi ulikuwa umeenea kwamba sindano ile inafunga uzazi. Kikao kimoja cha usalama kikaona jambo liko wazi: kuna watu wanawachochea wanawake wa kijiji kile waigomee serikali. Ikapangwa mgambo waende Ijumaa, wawalete wanawake kwenye chanjo kwa nguvu, na mwenyekiti wa kijiji akamatwe.

Mama Yustina aliliomba daftari usiku mmoja tu alale nalo. Asubuhi alinionyesha mstari wa themanini na nane. Hapo nilikuwa nimeandika kwamba Atuganile amekataa. Atuganile ni muuguzi msaidizi wetu! Mkono wake mwenyewe umechoma sindano mamia, na wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba. Siku ile alikuwa likizo, akajipanga foleni kama wenzake kijijini alikoolewa.

Tulimfuata nyumbani. Atuganile alishangaa kusikia kwamba alikataa. Alieleza, kwa aibu kidogo, kwamba mwenye kaya ni baba mkwe wake, na mke wa Kinyakyusa halitamki jina la baba mkwe wake, wala hakutani naye uso kwa uso. Na siku ile mzee mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi la kamati ya kijiji, hatua nne kutoka mezani. Alinyamaza akiamini karani anaelewa, maana nani asiyeelewa jambo kama hilo? Basi aliyekuwa haelewi alikuwa amesimama mbele yake ameshika kalamu.

Jumatano Mama Yustina aliingia kwenye kikao akaomba mgambo wasiende. Aliomba siku mbili. Alipoambiwa barabara ya Masoko imekatika kwa mvua, alisema ana mabuti. Alhamisi alfajiri tuliondoka watu watatu, Mama Yustina, mimi na dereva, na mahali gari lilipokwama tuliliacha hapo hapo tukatembea, tukipokezana vichwani kasha la barafu lenye chanjo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuwahamisha wakwe. Mzee Nsajigwa, baba mkwe wa Atuganile, alielewa kabla hajamaliza kuelezwa. "Yesu wangu, kumbe ni sisi!" alisema, akawachukua wazee wenzake wote wakaenda kukaa kanisani, mbali kabisa na njia. Kazi ya pili ilikuwa jina. Mama Yustina aliagiza kila mke aje na wifi yake, maana binti halazimiki kunyamaza kuhusu baba yake mzazi. Mawifi walikuja kwa mbwembwe. Mke anataja lake, wifi anaruka na la mzee, na Tulia, wifi wa Atuganile, alikuwa akilitangaza jina la baba yake kama anaita mnada. Sijawahi kuona foleni ya sindano ikicheka vile.

Jioni ya Ijumaa, kati ya mia mbili na kumi na tatu, mia mbili na tisa walikuwa wamechanjwa. Watatu walikuwa wamesafiri, nao Mama aliwafuata, mmoja hadi Kinyala. Mmoja alikataa kweli. Mama Yustina alikaa naye saa nzima, akamsikiliza, akamshukuru, akaandika sababu yake. Mgambo hawakwenda. Mwenyekiti alilala kwake. Atuganile alijifungua salama mwezi Julai, na mwaka ule kijiji kile hakikuzika mtoto kwa pepopunda.

Haya yote wengi mnayajua. Lipo ambalo hamlijui, na mimi pia nilikuwa silijui mpaka wiki iliyopita, nilipofungua jalada lake kuandaa karatasi za kustaafu. Ndani kuna barua ya onyo ya Mei 1995. Kikao kilidai kujua nani aliyejaza daftari, afukuzwe kazi. Mimi nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Barua moja tu ingenirudisha Same. Mama Yustina alijibu kwa maandishi kwamba daftari ni lake, kosa ni lake, na hakuna karani wa kuulizwa. Kwa onyo hilo kupandishwa kwake cheo kuliahirishwa miaka miwili. Miaka yote mitatu tumekunywa chai pamoja kila saa nne, na hajawahi kulitaja.

Mama, sikupata nafasi ya kukiri mbele ya kikao kile. Nakiri leo, mbele ya idara nzima: aliyeandika ni mimi. Nenda Kamachumu kwa amani, ule ndizi zilizopikwa unavyotaka, upumzike. Tunakutakia maisha mema na marefu. Na kama wanavyoshukuru wenyeji wetu, ndaga fijo, asante sana.

Innocent Mbwambo
Karani wa Takwimu