Lita za Sajini Kuruvilla

Marehemu Pothen Kuruvilla alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Ranni, Kerala, mtoto wa tatu wa Mzee Kuruvilla Ittoop, mgema utomvu wa mpira, na Mama Aleyamma.

Alimaliza sekondari mwaka 1968. Mwalimu alipowaagiza waandike insha kuhusu mvua, yeye alipeleka vipimo vya siku arobaini, bila sentensi hata moja.

Tarehe 2 Februari 1970 alijiunga na Jeshi la Anga. Kwa miaka ishirini na tisa alijaza mafuta ndege za kivita, na kila lita aliiandika.

Alifunga ndoa na Saramma tarehe 8 Mei 1978. Katika juma lao la kwanza kambini, bibi harusi alimuuliza ndege hizo zinakunywa kiasi gani.

“Ikiruka kawaida, kama lita arobaini na tano kwa dakika,” alijibu. “Rubani akiwasha moto wa mkia, dakika moja inameza mgao wako wa mafuta ya taa wa miaka miwili.”

“Na mimi unanigombeza nikiwasha majiko mawili!”

Mwaka 1986, akiwa Rajasthan, aliona jambo. Ndege nne zilipita njia moja, lakini kila Alhamisi ile ya Luteni Devraj Bhati ilihitaji lita mia moja na kumi zaidi ya wenzake ili ijae. Mafundi hawakuona uvujaji wowote. Basi marehemu akamfuata luteni mwenyewe.

“Afande, Alhamisi unapita wapi?”

“Sajini, wewe unajaza mafuta au unapiga ramli?”

“Mita haina ramli, afande.”

Luteni akacheka, akakiri. Alikuwa akizungukia kijijini kwao, na mama yake alipanda darini kumpungia kitambaa chekundu.

“Mama ni mama,” marehemu alimwambia. “Lakini lita hizo ni zaidi ya dakika mbili angani. Vumbi likifunga uwanja, utazikopa kwa nani? Jiripoti kabla ya saa sita mchana. Usipofanya hivyo, nitaripoti mimi.”

Luteni alijiripoti, akazuiwa kuruka miezi miwili. Wenzake walimwita marehemu mnoko, na meza yake ya chakula ikabaki na mtu mmoja.

Alhamisi ya pili baada ya luteni kurudi angani, tufani ya mchanga ilifunga uwanja. Alitua salama kwenye kambi nyingine, akajaziwa mafuta na watu wengine. Marehemu hakupata kujua tangi lilibaki na kiasi gani.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa. Mwezi Januari mwaka huu Bwana Bhati, sasa mstaafu, alisafiri siku mbili kuja kumwona. Kabla hajaketi, marehemu alimuuliza, “Zilibaki ngapi?”

“Lita tisini, kaka. Kwa mama zilikuwa zinakwenda mia moja na kumi.”

Marehemu alimwonyesha kiti. Kisha akamwambia Saramma, “Mpe chai. Weka sukari nyingi, ametoka mbali.”

Alifariki tarehe 19 Februari 2024, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha mjane, Saramma, watoto wawili, Reji na Bindu, wajukuu watano, mdogo wake Thankachan, na Bwana Devraj Bhati, aliyeomba jina lake lisomwe pamoja na majina ya ndugu.

Mungu ampokee mtumishi wake, na ampe pumziko.