Chumba cha Mbele Kina Wenyewe

Niinueni kidogo, wanangu, mto uwe mgongoni, nipate kuwaona nyote watatu, maana maneno yaliyobaki ni machache na pumzi ni chache zaidi.

Sikilizeni. Wewe kifungua mimba wangu, juzi nilikusikia ukikipima chumba cha mbele kwa hatua, viatu vikigonga sakafu mpaka kumi na nne; mimi ni mgonjwa wa kifua, mwanangu, si wa masikio. Unataka kukifanya duka. Sikulaumu, mtoto wa fundi cherehani lazima awaze biashara, lakini kabla hujapigilia rafu, jua kilichotendeka humo.

Baba yenu alipofariki, huyu kitinda mimba alikuwa bado ananyonya, nami nikishona sare za shule katika chumba hicho. Ndipo akaja muuguzi, mpangaji mgeni mtaani, kushonesha pazia. Alikuwa Mmennonite tangu kwao, wale Wakristo wasioshika silaha, na hapa hakuwa na wenzake. Akaniomba nimwazime chumba Jumapili, apate pa kusalia. Nikamwambia, "Dada, humu hata pa kuweka mguu hapana." Akacheka. "Basi tutakaa juu ya marobota ya vitambaa." Jumapili ile tulikuwa watano, na mmoja alisinzia. Ndivyo kanisa lilivyoanza. Msije mkadanganywa kwamba walishuka malaika.

Mjomba wenu, seremala, alikuwa hasemi nami tangu babu yenu aliponiachia nyumba hii, mimi mwanamke. Aliposikia tunaimba humo, akaja Jumamosi mchana kweupe, tukijizoeza nyimbo, na bisibisi mkononi, akafungua bawaba, akajitwika mlango kichwani. "Mlango huu niliutengeneza mimi," akasema, "nyimbo zenu zitafute mlango wao." Loo, nilishika mkasi! Wanaume wawili kati yetu wakataka kumfuata na marungu. Muuguzi akasimama katikati ya fremu tupu, akasema, "Sisi hatupigani. Tukimpiga leo, kesho tutahubiri nini?" Siku ile nilimchukia yeye kuliko nilivyomchukia mjomba wenu.

Tukasali bila mlango miezi minne, na cherehani nikailaza chumbani kwangu kama mgeni. Lakini Mungu ana mizaha yake: wapita njia wakatuona, wakasimama, wakaingia kukimbia jua, wakabaki, muuza mkaa, kinyozi na wanawe, fundi baiskeli na mama yake kiziwi aliyeimba kwa nguvu kutushinda sote, hata tukafika thelathini na mmoja.

Kisha shoka likamteleza mjomba wenu, likamkata mguu. Muuguzi akawa anakwenda kumfunga kidonda, akinivuta nimbebee beseni. Siku ya tatu akasema, "Leo mkono unaniuma, osha wewe." Uongo mtupu, mkono ulikuwa mzima. Nikapiga magoti, nikauosha mguu ambao utotoni nilikuwa nikiutoa miiba, na mjomba wenu akasema, "Dada, ule mlango niliuuza." Nikacheka hadi maji yakamwagika. Baada ya wiki sita akaja akichechemea na mabenchi manne, na mwaka uliofuata akamiminiwa maji ya ubatizo, mtu mzima, akilia kama mtoto. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi tulivuna, wanangu. Ninakwenda nimeshiba.

Basi chumba cha mbele ni cha kanisa. Nimeshatia kidole mbele ya wakili. Vyumba vya nyuma ni vyenu, msivigawane kwa kelele. Cherehani ni ya binti yangu; ina kiburi, itie mafuta kabla ya kuibembeleza. Mjomba wenu ataendelea kula hapa, na asiambiwe kwamba ni mzigo.

Unasemaje, kifungua mimba? Sema kwa sauti... Haya. Umekubali, na nduguzo wamesikia. Nipe mkono. Mbona baridi hivi, uliogopa nitakulaani? Sina laana, mwanangu. Nimetafuta, sina.

Mnizike asubuhi, hotuba iwe fupi, watu wana kazi. Mungu awape riziki ya halali, na ugomvi usiofika kesho. Ubarikiwe wewe... na wewe, binti yangu, usinifute jasho, acha tu... na wewe kitinda mimba wangu, uko wapi? Sogea. Sikuoni vizuri... ah, ni wewe. Nawe pia.