Mama Hyasinta Nanyokie na Miti Yake ya Dawa, 1921–1987

Leo tunamsindikiza mama yetu, Hyasinta Nanyokie Tluway. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Kwa hesabu ya rika la kaka yake, alizaliwa Enguserosambu, Loliondo, mwaka 1921.

Darasani hakukaa hata siku moja. Bibi yake mzaa mama alimfundisha miti ya dawa, na majina yake aliyajua kwa Kimaasai tu.

Tarehe 14 Septemba 1948 alifunga ndoa na marehemu Josephati Tluway, Mwiraqw wa Rhotia, aliyefika kwao na punda waliobeba mahindi. Kiiraqw alikijua vizuri, lakini Rhotia nzima hakuwa na wa kuongea naye Kimaasai. Sisi wanawe tulikionea haya.

Kazi yake ilikuwa kutibu. Gome la osokonoi, mti wa kifua, alilibandua kidogo, upande mmoja tu, kisha akapaka kinyesi cha ng'ombe pale palipobanduliwa ili mti upone. Majirani walipita mlango wa nyuma kuchukua dawa. Jumapili kanisani walijitia hamnazo. Baba alipofariki mwaka 1974, hakubaki wa kumsindikiza msituni. Alimsihi mwanawe Sylvesta, anayesoma wasifu huu, amfuate angalau mara moja.

"Mama, si zahanati ipo?" Hilo ndilo lilikuwa jibu, miaka kumi na mitatu.

Machi mwaka huu kifua kilimbana, akamtuma Sylvesta gome. Naye, kwa haraka na ujinga, akaumenya mti kuuzunguka wote, akarudi na gunia limejaa. Mama alipoliona gunia alijua kwamba mti ule umekufa. Alilia.

"Ungeniuliza, mwanangu," alisema. "Miaka yote hii nilikuwa nasubiri uniulize."

Alilazwa hospitali tarehe 2 Juni, na kufariki tarehe 9 Juni 1987, saa nne asubuhi. Siku mbili za mwisho alitaja majina kwa Kimaasai, moja baada ya jingine. Muuguzi alidhani anaita ndugu zake. Ilikuwa miti. Sylvesta aliwahi kuandika kumi na moja, na hajui hata mmoja unatibu nini.

Ameacha watoto wawili, Sylvesta na Bernadina, na wajukuu saba. Ujuzi wake alitaka sana kutuachia. Ni sisi ambao hatukupokea. Mungu ampumzishe mama yetu kwa amani. Aibu ibaki kwetu.