Mzee Kwaku Dapaah, Mtu wa Majimbo Asiyetulia

Mzee Kwaku Dapaah alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1923, hapa Bekwai, mtoto wa tatu wa Mama Ama Pokuaa. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la saba, akaacha kwa sababu, kwa maneno yake, dawati lilikuwa linamchoma.

Mwaka 1944 aliajiriwa Kumasi kuwa karani wa mizani ya kakao, na mwaka 1946 alimwoa Bi Akosua Birago. Kama desturi yetu, kila mmoja aliishi kwa ukoo wake, na kila jioni bakuli la fufu lilivuka barabara kwenda kwa bwana.

Septemba 1954, serikali ya Accra ilipokuwa imebana bei ya kakao, chama cha majimbo kilizaliwa Kumasi. Kilitaka jimbo letu la Asante lijiamulie mambo yake na machifu waheshimiwe. Salamu yake ilikuwa "Mate me ho", yaani nimejitenga, na marehemu aliipaza mpaka sauti ikamkauka. Wazee mtanisamehe mimi mpwa wake, lakini mbele ya jeneza hatufichi: Machi 1955 aliongoza kundi lililomfukuza mjini Kofi Domfe, fundi cherehani wa chama tawala, kaka yake Bi Akosua.

Jioni ile bakuli lilifika. Mzee akafunua, tupu. Akavuka barabara mbio hadi kwa mkewe.

"Akosua, chakula kiko wapi?"

"Si mmejitenga? Basi kaleni huko jimboni kwenu."

"Hiyo ni siasa tu, mke wangu."

"Kwani aliyefukuzwa ni siasa? Nirudishie kaka yangu."

Fufu ilirudi baada ya miezi miwili, kwa ajili ya watoto. Majimbo yalishindwa katika kura za 1956, na mwaka uliofuata chama kikamezwa na vingine. Hilo Mzee alilimeza. Kilichomnyima usingizi ni Domfe. Alimfuata Accra mara tano, na mara zote tano mlango haukufunguliwa.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 1978. Kila asubuhi aliuliza, "Domfe kaja?" Alifariki Jumapili, tarehe 11 Novemba 1979. Domfe alifika Jumanne.

Ameacha mke, watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja. Ukoo ulisita kumwandika shemeji katika orodha hii ya wafiwa, Bi Akosua akasema, "Mwandikeni." Basi ameacha pia shemeji, Kofi Domfe, aliyetuambia jana, "Nilishaapa, akija mara ya sita namfungulia."

Mola amlaze kwa amani Mzee wetu, maana huku hakuipata.